Shukrani kwa bibi wa behewani

Bibi uliyepanda Urambo ukashuka Uvinza, shikamoo. Ni mimi yule mama wa daftari na mtoto msumbufu, niliyekuwa narudi Kigoma. Mhariri alikuwa anausubiri mwongozo wa mchezo wa redio, na nyumbani siandiki mpaka vyombo vioshwe, dagaa waanuliwe, watoto walale. Saa hiyo umeme nao una mambo yake. Ulimchukua mwanangu bila kuombwa, ukambeba mgongoni kwa kitenge chako: “Andika, mwanangu. Huyu ni wangu mpaka Uvinza.” Tangu Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka, sikuinua kichwa.

Ila kubwa zaidi ni kile kicheko chako. Nilikusomea kipande cha wanawake wa zamani wakichemsha maji ya chemchemi za Uvinza kupata chumvi, ukasema wanaongea mno, moshi wa kuni haumruhusu mtu kuhutubia. Hotuba yote nimeifuta, sasa wanakohoa na kutaniana. Mhariri amekisifia kipande hicho tu (kwingine kote kalamu nyekundu!).

Mjukuu mwenye simu akikusomea haya, ujue ni wewe. Asante sana, bibi.