Barua kwa mwanangu Zuwena: kazi hutafutwa kabla ya tangazo

Chake Chake, Pemba

Mwanangu Zuwena,

Assalaam aleikum. Shangazi yako ameniambia unapekua matangazo ya kazi kwenye simu mpaka bando linakwisha, halafu ukishatuma maombi unakaa kusubiri. Hiyo ni nusu ya shughuli, tena nusu ndogo. Kwa sekta binafsi huko Unguja, khasa mahoteli, tangazo ni hatua ya mwisho. Kabla halijatoka, mkuu wa kitengo ameshawauliza wafanyakazi wake kama kuna mtu wanayemjua. Akipatikana, tangazo halitoki kabisa. Nataka jina lako liwe miongoni mwa yanayotajwa siku hiyo.

Serikalini mambo ni mengine, na nitayamaliza haraka maana njia ni moja. Nafasi za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, hutangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini, na maombi hupitia mfumo wa ZanAjira. Nafasi za Muungano, zikiwemo za taasisi za Muungano zenye ofisi huku kwetu, ziko chini ya Sekretarieti ya Ajira na mfumo wake wa Ajira Portal. Fungua akaunti zote mbili wiki hii bila kungoja tangazo, kwa sababu siku za mwisho kila mtu huingia kwa pamoja na mtandao huelemewa. Piga skani kila hati peke yake iwe faili la PDF: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha stashahada pamoja na karatasi ya alama zako, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kwa Ajira Portal utahitaji na namba ya NIDA. Ile karatasi ya matokeo ya muda uliyopewa skuli haikubaliwi huko. Wanataka cheti chenyewe.

Kabla ya yote hayo, zipange hati zako mezani usome jina lako herufi kwa herufi. Wapemba wengi wanakwama hapa. Cheti kimoja kinasema Zuwena Khamis Juma, chengine Zuena Hamis Juma, na kitambulisho kina majina mawili tu. Mfumo hauwezi kujua kuwa huyo ni mtu mmoja. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili ukaandikiwe hati ya kiapo sasa hivi, ukiwa na nafasi.

Tangazo la serikali lisome kama mkataba. Ukiona Mhasibu Daraja la II, hiyo ni ya mwenye shahada. Yako wewe ni Mhasibu Msaidizi Daraja la III, ya stashahada. Angalia pia nafasi ni za Unguja au za Pemba, kwani mara nyingi hutenganishwa, na usiombe ya huku kama hukusudii kurudi. Ukishaomba, usingoje kupigiwa simu. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili hubandikwa kwenye tovuti kama orodha ndefu, na wapo wanaoikosa siku yao kwa sababu hawakuifungua. Iangalie kila Jumatatu na kila Alkhamisi. Na huko serikalini usimtafute mtu wa kukushika mkono. Anayekwambia ana mtu Tume na anataka hela ya fomu au ya usaili ni mwizi, hata akiwa jirani.

Sasa tuje kwenye mahoteli, maana stashahada ya uhasibu ina soko huko kuliko unavyodhani. Wenzako wote wanakimbilia mapokezi. Hoteli kubwa ina mtu wa stoo (storekeeper), mtu wa manunuzi, anayelinganisha gharama za jikoni na mauzo (cost controller), anayekagua mapato ya jana (income auditor), na yule anayefunga hesabu za siku usiku wageni wakiwa wamelala (night auditor). Kazi hizi hutangazwa kwa Kiingereza hata kama meneja ni mwenyeji wa hapo hapo Unguja, mtu wa Makunduchi, kwa hiyo ukitafuta kwa neno "mhasibu" peke yake huzioni. Andika storekeeper, cost controller, income auditor, night auditor, kila moja ndani ya alama za kunukuu, ikifuatiwa na Zanzibar. Alama hizo huiambia Google isitenganishe maneno. Ukiletewa kazi za Bara tupu, ongeza alama ya kutoa mbele ya usichokitaka, hivi: -"Dar es Salaam", bila ya kuacha nafasi baina ya kistari na neno. Kisha chagua matokeo ya wiki iliyopita tu, la sivyo utaomba kazi zilizojazwa zamani. Kwa tovuti za serikali andika site:go.tz "nafasi za kazi" Zanzibar, halafu rudia kwa "nafasi za ajira", kwa sababu kila ofisi ina msamiati wake. Rudia tena kwa Unguja badala ya Zanzibar. Utafutaji ukikupa matokeo mazuri, uweke kwenye Google Alerts ili yakufikie kwa barua pepe, utaokoa bando.

Lakini kuna kitu Google haikioni vizuri. Hoteli nyingi za Nungwi, Paje na Jambiani hutangaza kwa picha: bango limetengenezwa, likawekwa Instagram au kwenye stetasi ya WhatsApp ya meneja. Maneno yamo ndani ya picha, kwa hiyo injini ya kutafutia huyapita. Dawa yake ni kuzifuata hoteli zenyewe moja moja, na ndiyo maana nataka uwe na orodha ya waajiri. Orodha ya matangazo haitakufikisha mbali.

Chukua daftari, andika waajiri thelathini. Hoteli zisizidi kumi na tano. Ukanda mmoja wa kaskazini na mmoja wa mashariki, usitawanyike kisiwa kizima, maana nauli na usafiri wa usiku vitakushinda. Zilizobaki ziwe kampuni za kuwauzia mahoteli vyakula na vinywaji, kampuni za watembeza watalii, za boti, za ujenzi kule Fumba, na maofisi ya ukaguzi wa hesabu. Haya ya mwisho hulipa kidogo, lakini ukikaa mwaka mmoja umeshaona vitabu vya hoteli kadhaa na wahasibu wake wanakujua kwa jina. Mimi ningeanzia huko. Mbele ya kila mwajiri andika: nani ninayemjua ndani, tarehe niliyozungumza naye, alichosema, na hatua inayofuata. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu, mwajiri huyo ameshakufa kwenye daftari lako.

Angalia na majira. Masika, Aprili na Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo. Msimu huanza Juni, hupanda Julai na Agosti, kisha kuna ule wa Disemba mpaka Februari. Anayetaka watu wa Julai huwatafuta Mei. Wa Krismasi huwatafuta Oktoba na Novemba. Vijana wengi hupeleka barua Agosti wanapoona mabasi ya watalii yamejaa, wakati meneja hana hata dakika ya kuifungua bahasha. Hoteli mpya ndiyo bora zaidi kwako. Taarifa za miradi iliyoidhinishwa hutolewa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, na ujenzi unaonekana barabarani. Ukiona madirisha yanatiwa, ulizia. Mtu wa stoo na wa hesabu huajiriwa kabla ya wahudumu, kwa sababu mashuka, sahani na magodoro huanza kupokewa kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Nani wa kumuuliza? Utakimbilia kwa ndugu zetu na shoga zako, na hao watakwambia unayoyajua tayari, kwa kuwa wanasikia unayosikia. Mtaalamu wa jamii wa Marekani, Mark Granovetter, aliwachunguza watu waliopata kazi kupitia mtu katika mji wa Newton karibu na Boston, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona: karibu 17 tu katika kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Wengine walionana naye mara moja moja au kwa nadra. Newton si Mwanakwerekwe, lakini sababu inafanana: mtu wa mbali kidogo anapita mwahala usikopita wewe. Kwako huyo ni msimamizi wako wa fildi, mwalimu aliyekufundisha muhula mmoja, mwenzako wa chuo ambaye hamkuwa na mazoea, dereva anayepeleka samaki hotelini. Dereva huyo usimdharau. Yeye ndiye anayesaini na mtu wa stoo kila asubuhi, na mtu wa stoo akiondoka anajua siku hiyo hiyo.

Mtu wa mbali kama hao usimwombe kazi. Asiyekuwa na kazi ya kukupa ataona haya, na safari ijayo hatopokea simu. Muombe maelezo, ambayo anayo. Andika hivi:

"Assalaam aleikum kaka Hamad. Mimi ni Zuwena, nimemaliza stashahada ya uhasibu, namba yako nimepewa na mwalimu wetu Bi Asha. Sikuombi kazi. Naomba dakika kumi unieleze ofisi yenu ya hesabu inatumia mfumo gani na huwa mnatafuta watu miezi gani. Nikupigie Jumanne au Jumatano jioni?"

Aliyekupa namba atajwe mwanzoni, na ruhusa umuombe kwanza. Siku ya mazungumzo kuwa na maswali manne tu: mfumo gani, miezi gani, hutangaza wapi, na nani mwengine niongee naye. La nne ndilo linalokupeleka kwa mtu wa pili na wa tatu. Mshukuru siku hiyo hiyo kwa ujumbe mfupi, na baada ya wiki tatu mrudie umwambie ulichofanya kwa ushauri wake. Wanaorudi ni wachache mno, na wanakumbukwa. Watu wapya watatu kwa wiki wanatosha; ukizidisha utasahau nani alisema nini.

Ukiuliza mfumo, utasikia wakitaja programu za kompyuta: Opera kwa hoteli kubwa, QuickBooks au Tally kwa ndogo. Chagua moja ujifunze kabla ya kuitwa. Na ujue kodi za hapa, kwani aliyesomea vitabu vya Bara huzichanganya: VAT na tozo za hoteli hupelekwa ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kodi inayokatwa kwenye mshahara hupelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na michango ya hifadhi ya jamii hupelekwa mfuko wa ZSSF. Risiti hutolewa kwa VFMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa ZRA. Ukiyasema hayo kwa utulivu kwenye usaili, huhitaji kujisifu.

Wasifu wako uwe kurasa mbili, PDF, jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba. Usiupige picha ukautuma WhatsApp ukiwa umepinda. Wadhamini watatu, na kila mmoja awe anajua kwamba simu yake imo; mdhamini anayejibu "Zuwena yupi?" amekuharibia. Ukienda mwenyewe kupeleka, nenda baina ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ijumaa usiende. Ramadhani wahi mapema zaidi, maana mchana watu wamechoka na maofisi hufungwa mapema. Muulize mlinzi kwa heshima jina la anayeshughulikia wafanyakazi, uliandike.

Tangazo lolote lipime kabla ya kutuma kitambulisho chako: lina tarehe? barua pepe ni ya kampuni au ya mtu binafsi? ukiipigia hoteli kwa namba ya kwenye tovuti yake, wanalijua? Usaili wa chumbani au wa usiku hakuna, hata wakisema meneja ana shughuli. Na wakala wa kazi za Oman au kwengine, kabla hujampa chochote, ulizia leseni yake Kamisheni ya Kazi.

Ukipewa kazi, usiseme ndiyo kwenye simu. Omba mkataba wa maandishi, uliza muda wa majaribio ni miezi mingapi, mshahara ni kabla au baada ya makato, ZSSF inalipwa kuanzia lini, na kama ni zamu ya usiku, gari la kukurudisha linaondoka saa ngapi na linafika mpaka wapi. Kisha nipigie tuupitie pamoja kabla hujatia saini. Orodha ya waajiri nitumie hata ikiwa imefika kumi na mbili tu, nitakuwekea alama kwa wale ambao Pemba tuna mtu anayewajua.

Msalimie shangazi yako.

Mama yako