Kuukata mti kichwa si kuupogoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalorudi kila mwaka kati ya Januari na Machi, masika yanapokaribia. Hapa Tanga na mwambao mzima, kwenye viwanja vya shule, kando ya barabara, ukingoni mwa mito na ufukweni, miti mikubwa hukatwa vichwa. Mwembe uliokuwa na kivuli cha darasa zima huachwa shina na mikono mitatu isiyo na jani hata moja. Wapitao husema afadhali, sasa upepo uje. Mimi ni fundi wa kupogoa miti, na ninachotaka wasomaji na halmashauri wajue ni kwamba usalama huo ni wa miaka miwili mitatu tu. Baada ya hapo mti ule unakuwa hatari kuliko ulivyokuwa kabla ya kuguswa.

Sababu iko ndani ya mti wenyewe. Mti haufidii mbao iliyooza. Unachoweza ni kuizungushia kuta, uozo ubaki ulipo, kisha ujenge mbao mpya kwa nje. Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1977 na Alex Shigo wa huduma ya misitu ya Marekani, aliyepasua magogo kwa maelfu ili kuona uozo unavyotembea ndani yake. Ukuta ulio dhaifu kuliko wote ni ule unaozuia uozo usipande wala kushuka. Mahali tawi linapotoka shinani mti umejiandalia kinga tangu mwanzo, lakini katikati ya tawi hakuna kinga ya namna hiyo. Ukikata hapo katikati, maji na kuvu hushuka kwenye mbao kama utambi unavyonyonya mafuta, na uozo haukomi mpaka ufike pandani, pale tawi linapoungana na shina.

Huku juu, vichomozo vilivyolala chini ya gome huamka kwa pamoja. Machipukizi kumi, ishirini, hutoka kuzunguka ncha iliyokatwa na kukimbia juu, kwa kuwa mti una njaa na unatafuta majani haraka. Watu wakiona kijani husema mti umepona. Lakini tawi la asili limejengwa pamoja na shina mwaka hadi mwaka, nyuzi zake zimefumwa ndani ya shina. Chipukizi hili limeshikwa na tabaka za juu tu. Likifikia unene wa paja la mtu linakuwa limening'inia kwenye ncha ambayo ndani imeshakuwa unga. Kusi kikivuma Juni au Julai, linabanduka. Na huko chini mizizi nayo imekosa chakula, mingine imekufa, kwa hiyo nanga ya mti imepungua.

Kupogoa kwa haki kuna mikato mitatu kwa kila tawi zito. Wa kwanza hupigwa kutoka chini, sentimita 30 hadi 50 mbali na shina, ukiingia robo hadi theluthi ya unene wa tawi. Ukizidi hapo, uzito wa tawi utaubana msumeno. Wa pili hupigwa kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi kuelekea nchani. Tawi likianguka, gome linalochanika huishia kwenye mkato wa chini badala ya kuchuna shina hadi usawa wa kifua. Hapo kinabaki kipande kifupi chepesi, nacho huondolewa kwa mkato wa tatu.

Mkato huo wa tatu ndio wenye ufundi. Tawi linapotoka shinani pana uvimbe kama kola ya shati. Mafundi tunauita shingo ya tawi. Msumeno upite nje ya shingo hiyo, karibu kabisa nayo, bila kuigusa. Wengi hupenda kunyoa sambamba na shina kwa sababu panaonekana pasafi. Kumbe wameondoa kinga ambayo mti ulijiwekea na kuzidisha ukubwa wa kidonda. Wengine huacha kigingi cha kiganja kizima, nacho hufa, huoza na kuongoza uozo ndani. Kazi hii hukaguliwa baada ya mwaka bila chombo chochote. Mkato ukiwa sahihi, gome jipya hutokea kama pete inayozunguka kidonda chote. Ukiona limeota kushoto na kulia tu, juu na chini hakuna kitu, jua fundi aliingia ndani mno.

Kidonda kisipakwe rangi, lami wala oili chafu ya gari. Nafahamu watu hufanya hivyo kwa nia njema, lakini dawa hizo hazizuii uozo, na nyingine hufungia unyevu ndani, hali ambayo kuvu wanaipenda.

Mti ukiwa mrefu kupita mahali pake, upunguzwe kwa kurudishwa kwenye tawi la kando lenye unene usiopungua theluthi ya kile kinachoondolewa, ili tawi hilo liweze kushika uongozi. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani, na kwa mti mzee hata robo ni nyingi. Kosa jingine ninaloliona sana ni kusafisha matawi yote ya ndani na kuacha shungi nchani kama mkia wa simba. Upepo ukilishika shungi lile, tawi zima huwa mtaimbo. Chini ya nyaya za umeme, ondoa tanzu zinazoelekea waya hadi pandani, mti uendelee kukua pembeni. Ukikatwa usawa wa waya, machipukizi yake yatakwenda palepale kwenye waya. Na asipande mtu karibu na waya kabla umeme haujazimwa, maana mti mbichi hupitisha umeme.

Sasa niende mtoni, kwani huko makosa hugharimu zaidi. Mto Zigi unashuka kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, hadi bwawa la Mabayani, ambako jiji letu hupata maji. Udongo unaoporomoka ukingoni huishia bwawani. Mikuyu na miti mingine ya ukingoni ndiyo iliyoshika udongo huo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe kuwa eneo lisilofanyiwa shughuli za kudumu au za kuharibu uhifadhi, kwa hiyo kabla ya kupeleka msumeno huko lazima uwaone afisa mazingira na watu wa bodi ya maji ya bonde la mto.

Hata kibali kikiwepo, mti wa ukingoni una hesabu yake. Kwa kawaida umeinamia maji kwa sababu mwanga uko upande huo. Mkataji naye amesimama nchi kavu, kwa hiyo hukata matawi anayoyafikia, ya upande wa nchi kavu. Akiondoka, mti umebaki na mzigo wote upande wa mto. Masika yakilainisha ukingo, mti huanguka majini na kung'oa donge la udongo la ukubwa wa chumba. Kinachotakiwa ni kinyume chake: fundi apande, apunguze kidogo kidogo tanzu ndefu za upande wa maji, na kila kipande kishushwe kwa kamba na kapi. Kama mti umekufa na lazima uondoke, kisiki kibaki. Mizizi iliyokufa hushika udongo miaka kadhaa, muda wa kutosha kwa miche iliyopandwa kando yake kushika zamu. Matawi yasitupwe mtoni, maana hukusanyika kwenye kalavati na madaraja na kugeuza maji kuelekea mashambani na majumbani. Magari mazito nayo yakae mbali, hasa ardhi ikiwa na maji, kwa kuwa uzito wake huubana udongo na mizizi hukosa hewa.

Kwenye mikoko, jibu fupi ni kwamba usikate. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, na bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hata fito moja ni kosa. Lakini wanaopewa kibali, mathalani kufungua njia ya mashua au kuondoa mti uliolalia gati, wajue kwamba mikoko haifanani. Mchu na mlilana vikikatwa huchipua tena. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu, pamoja na msinzi na mkandaa, havina vichomozo vya akiba kwenye mbao ya zamani. Ukikata tawi nyuma ya majani ya mwisho, tawi hilo limekufa, na ukiukata mti juu umeuua mti. Mizizi ya mchu inayochomoza topeni kama penseli ndiyo pua yake, kwa hiyo usirundike matawi juu yake.

Ufukweni, mivinje na mikungu inayokabili bahari hupokea chumvi kwa niaba ya miti iliyo nyuma. Ukiipunguza upande wa upepo, majani ya ndani yasiyozoea chumvi huungua, na mwaka unaofuata miti ya nyuma huanza kukauka. Ondoa mbao iliyokufa tu. Mvinje mkubwa ukikatwa kichwa huchipua kwa shida, aghalabu hufa.

Pembezoni mwa misitu ya hifadhi kama Amani, kila tundu unalofungua juu hualika mwanga chini, na mwanga hualika mgeni. Mti wa Maesopsis ulioletwa Amani zamani ulisambaa msituni humo kwa kutumia mapengo yaliyoachwa na wakata magogo. Mpogoaji asiongeze pengo.

Pango la mti nalo lisihukumiwe haraka. Shina lenye uvungu linaweza kusimama miongo mingi. Gonga kwa nyundo ya mbao kuzunguka shina, sikiliza mlio unapobadilika, kisha kadiria unene wa mbao nzima. Kanuni itumiwayo sana ni kwamba mbao nzima isipungue karibu theluthi ya nusu kipenyo. Shina la sentimita 90 basi lahitaji ukuta wa sentimita 15 hivi pande zote, na kama lina ufa au tundu pana ubavuni, zaidi ya hapo. Chungulia pia nani anaishi humo. Ndege hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu na kuziba mlango kwa tope, likaacha ufa mwembamba wa kulishwa na dume. Ukilikata tawi hilo umeua familia nzima. Nyuki nao hawahitaji maelezo.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Kamba ya katani ni fahari ya mkoa wetu, lakini si ya kupandia mtini, kwa sababu ikilowa na kukauka huoza kwa ndani bila kuonekana. Tumia kamba ya poliesta au nailoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, unene wa milimita 11 hadi 13, na ukishika msumeno wa mnyororo ujifunge sehemu mbili, kwa kuwa msumeno hukata kamba mara moja. Viatu vya miiba ni vya mti unaoondolewa. Kwenye mti unaobaki kila hatua yake ni kidonda. Waliosimama chini wakumbuke uzito. Tawi bichi lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa zaidi kidogo ya robo ya mita ya ujazo, yaani kilo 250 au zaidi. Kofia ngumu haizuii hiyo, kinachozuia ni kutokuwepo pale.

Najua kwa nini kukata vichwa kunaendelea licha ya haya yote. Mkandarasi hulipwa kwa idadi ya miti, na magogo huwa yake. Kwa hiyo kadiri anavyokata chini zaidi ndivyo anavyomaliza upesi na kupata kuni na mkaa mwingi zaidi. Hata mtu mwema akiwekewa bei ya namna hiyo atakata hivyo. Inaniuma, kwa sababu tanzu zilizopinda vizuri, zikishushwa nzima kwa kamba, mafundi wa majahazi wanazitafuta kwa mataruma, yaani mbavu za chombo, nasi tunazikatakata kwa ajili ya tanuri.

Ombi langu kwa halmashauri za pwani ni dogo na halihitaji sheria mpya. Mwaka wa fedha unaanza Julai na zabuni ziko mikononi mwao. Waandike ndani ya mkataba kwamba hakuna mkato katikati ya tawi, kwamba kila mkato uishie nje ya shingo ya tawi au kwenye tawi la kando lisilopungua theluthi, kwamba majani yanayoondolewa yasizidi robo, kwamba magogo ni mali ya halmashauri, na kwamba sehemu ya malipo ishikiliwe hadi ukaguzi wa baada ya mwaka mmoja, pete ya gome ikishaonekana. Ukaguzi huo afisa misitu anaufanya kwa macho yake, akisimama chini ya mti.

Fundi wa kupogoa miti,
Tanga