Taarifa ya mwenyekiti wa chama chetu cha wasomaji wa riwaya za Kikristo: mwaka wetu wa riwaya

Bwana asifiwe wapendwa. Mnisamehe taarifa imechelewa, katibu kanikumbusha mara tatu na kila mara namjibu kesho, kumbe niko katikati ya Quo Vadis, riwaya ya Wakristo wa kwanza kule Roma, na kitabu hakinibanduki mkononi.

Mikutano ilienda vizuri, tulikosa miwili tu. Ada wengi mmelipa, ambao bado mnajijua. Hayo yanatosha, mengine mtayasikia kwa mhazini. Mi nataka tuongelee namna tunavyopendekezeana vitabu, maana ndo kazi ya chama hiki na ndo mahali tulipojikwaa mwaka huu, na aliyejikwaa wa kwanza ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu mmoja aliomba riwaya ya kumpa binti yake wa miaka 13, nikamjibu chapchap mpe Redeeming Love ya Francine Rivers, nzuri mno, utalia. Basi, sikuongeza neno. Na kitabu ni kizuri kweli, mwandishi kachukua kisa cha nabii Hosea na mkewe Gomeri akakipeleka California enzi zile za kukimbilia dhahabu, miaka ya 1850, mume anamfuata mke anayetoroka na kumrudisha nyumbani, anatoroka tena anamfuata tena, ila huyo mke aliuzwa danguroni akiwa mtoto wa miaka minane na mambo hayo hayajafichwa. Mama wa watu alikisoma yeye kwanza, namshukuru Mungu, halafu akanipigia simu na kila alichoniambia nilistahili. Nilimwomba radhi siku ile, na leo naomba tena mbele yenu wote.

Kwa hiyo jamani hii "nzuri mno, isome" tuiache. Mwambie mwenzio kinamfaa nani, kinauma wapi, mwendo wake ukoje. Yule mzee wetu anayekaaga nyuma alipotuletea Safari ya Msafiri alisema wazi kabisa kwamba mwanzo tutachoka, kila mtu humo kaitwa kwa jina la tabia yake, ila tukumbuke mwandishi wake, John Bunyan, alifungwa jela miaka 12 sababu ya kuhubiri bila kibali na kitabu kikatoka 1678, sasa msomeni kama mtu aliyeyapitia. Tulikimaliza karibu wote, hata wale wa kulala kwenye mkutano.

Halafu kuna ule ubishi wa riwaya "inayojenga" ni ipi. Wapo wanaotaka iishie harusini tu. Sina neno, mtu aliyefiwa au aliyechoka mpeni Love Comes Softly ya Janette Oke (1979), mjane na mgane wanaoana kwa shida tu, mapenzi yanakuja baadaye polepole, inapumzisha roho. Lakini aliyesema Quo Vadis haijengi kwa sababu Wakristo wanatupwa kwa simba mbele ya Kaisari Nero, hapo nakataa. Mi imani yangu haijawahi kupata nguvu kwa kusoma kuhusu watu ambao hawajaguswa na kitu. Yule kijana Mrumi, Vinicius, mwanzo anamtaka binti Mkristo kwa nguvu kama mali yake, mwisho anapiga magoti, na safari yote hiyo unaiona hatua kwa hatua, si kwamba alisikia hubiri moja akabadilika ukurasa unaofuata. Ubishi ule hatukuumaliza na sidhani tutaumaliza.

Jambo dogo: The Hiding Place ya Corrie ten Boom msiilete tena kama riwaya, yale yalimpata mwenyewe. Someni, lakini siku nyingine.

Mwezi ujao tunaanza Gilead ya Marilynne Robinson, mchungaji mzee anamwandikia barua mwanawe mdogo akijua hatamwona akikua. Ilipata tuzo ya Pulitzer 2005. Haina mbio hata kidogo, nawaambia mapema ili nisipigiwe simu. Natafuta wa kuongoza mjadala, na aliyekaa na kitabu cha chama cha Ben-Hur tangu mwaka juzi airudishe tu, sitauliza kitu.