Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kaseti, Santuri na Vitabu vya Mkono

Ndugu wanachama,

Katika kazi yetu ya kunakili na kuhifadhi sauti na hati za Mombasa, naanza na kaseti, kwa sababu ndizo zinazotuponyoka. Mwenye kitabu cha mkono, yaani kilichoandikwa kwa mkono, huko Mji wa Kale anajua ameshika mali. Kaseti ya harusi ya mtaa wa Majengo hutupwa pamoja na redio iliyokufa. Humo ndimo ilimo taarabu ya majaribio ya miaka ya 1970 na 1980 kama ilivyopigwa mbele ya watu: tashkota, ala ya Kijapani yenye vibonye kama vya taipureta, mwimbaji Zuhura Swaleh na mwendo wake wa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani, na mwimbaji Juma Bhalo akitia mashairi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Wapenzi wa taarabu ya asili waliidharau. Kwangu mimi hiyo ndiyo sauti ya Mombasa.

Kosa linalorudiwa mno ni kuijaribu kaseti kwenye mashine yoyote iliyo karibu. Utepe una upana wa milimita 3.81 tu, na roli ya mpira inayouvuta, ikianza kunata, huula. Tazama kwanza kidirishani. Ukiona unga mweupe au nyuzinyuzi juu ya utepe, hiyo ni kuvu: usiipige, ifunge mfukoni peke yake, maana chembe zake hubaki ndani ya mashine na kuingia kaseti inayofuata. Iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa kabla ya kunakiliwa, ili utepe ulioshikana uachane. Kichwa cha mashine husafishwa kwa pamba na spiriti; roli ya mpira kwa maji yenye sabuni kidogo, kwani spiriti huikausha.

Sauti ikiwa butu, sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Huenda kipedi kidogo kinachousukuma utepe kwenye kichwa kimebanduka. Fungua skrubu, kwa kawaida tano, uhamishe magurudumu yote mawili ya utepe hadi kwenye ganda zima, ukikumbuka kila kigurudumu na kibanzi kilivyokaa. Ganda lililogundishwa bila skrubu hupasuliwa kwa wembe kwenye mshono. Au basi kichwa cha mashine yetu hakijalala sawasawa na kile kilichorekodia. Hapo zungusha polepole skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa huku ukisikiliza herufi "s" na njuga za tari. Zinapokuwa kali kabisa, acha. Hili hufanywa kwa kila kaseti, na upande wa pili pia. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba mno, msizikimbize.

Nakala kuu ni faili ya WAV, kilohezi 96, biti 24, ambayo kwa saa moja ya stereo hula karibu GB 2. Mivumo na mikwaruzo isifutwe humo. MP3 ni ya kuwapa wenyewe wasikilize kwenye simu. Tunaweka nakala tatu, moja nje ya jengo letu.

Kuhusu santuri nitasema machache. Zile za mizunguko 78 kwa dakika, za zama mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti huyeyusha shelaki. Tumieni maji safi na tone la sabuni, bila kulowesha karatasi ya katikati. Sindano yake ni nene. Ile ya santuri za 33 hucheza chini ya mfereji na kuleta mikwaruzo mitupu.

Kwenye vitabu, adui wetu ni unyevu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kuvu huamka, na Mombasa hupita mara nyingi. Kwa wadudu, tunafunga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, tunatoa hewa, kinakaa ndani ya freza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Kikitolewa, mfuko usifunguliwe hadi kesho yake. Ukifunguliwa mapema, karatasi hutoa jasho na wino hutambaa. Baridi haiui kuvu, huilaza tu. Naftalini ziondoeni makabatini: mvuke wake hulainisha plastiki za kaseti.

Kurasa zilizotawanyika hupangwa kwa neno la chini ya ukurasa, ambalo hurudiwa mwanzo wa ukurasa unaofuata. Wanaosoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanajua kwamba "ba" yaweza kuwa b, p au mb, kwa hiyo katika orodha yetu andikeni herufi kama ilivyo, na usomaji wenu kando. Msirekebishe. Msomaji mwingine huenda akaona neno ambalo ninyi hamkuliona.

Vitu vya asili hubaki mali ya wenyewe. Sisi tunachukua picha na sauti kwa idhini yao ya maandishi.

Kamati inapendekeza tusipokee sanduku jipya lolote hadi masanduku yaliyopo yakauke na kunakiliwa, na fedha za mwaka ujao ziende kwenye mashine ya kukausha hewa na roli mpya za mpira. Najua wengi mngependa tuendelee kukusanya. Sanduku linalooza kwetu halina nafuu kuliko likioza kwa mwenyewe. Hoja hii naiweka mbele yenu mpige kura, kisha mweka hazina atasoma hesabu.