Kwa vijana wa msafara wa Ujiji: dereva apewe kitanda

Wanangu wa Isevya, Cheyo na Ng'ambo mnaojiandaa kwenda Ujiji kumsindikiza mwenzenu akaoe,

Mwangaluka. Shikamoo zenu nimezipokea, na karatasi ya bajeti mliyoniletea nichangie nimeisoma mstari kwa mstari. Nimefurahi sana. Siku hizi wengi hutuma mchango kwa simu na kuishia hapo. Ninyi mmeamua kuacha shughuli zenu, kupanda gari na kwenda kusimama na mwenzenu mbele ya wakwe. Kwa hilo mmetutoa kimasomaso sisi wazee wenu.

Naandika kwa sababu ya jambo moja ambalo kwenye karatasi ile halimo. Ipo pesa ya kosta, ipo ya gari mbili ndogo, ya mafuta, ya muziki, ya mpiga picha, ya maua ya gari la maharusi, hata ya katoni za maji. Dereva ameandikiwa posho. Atalala wapi, hapakuandikwa. Nilipomuuliza mweka hazina wenu alinijibu kwa adabu kwamba dereva hatalala: mtaondoka Tabora Ijumaa usiku mkishatoka kazini, mtaingia Ujiji alfajiri, ndoa itafungwa Jumamosi baada ya swala ya alasiri, watu watakula na kucheza, kisha usiku uleule mtageuza na bibi harusi, ili Jumapili mpumzike na Jumatatu kila mtu awe kazini kwake.

Mpango huo naupinga. Naupinga hadharani kwa sababu si wenu peke yenu. Kamati nyingi za harusi hapa mjini hupanga hivyohivyo, na kila mara wanaohesabiwa ni abiria.

Mhesabuni dereva. Ijumaa ataamka alfajiri kama siku zote, maana gari la biashara halikai bure mchana kutwa likisubiri safari yenu ya usiku. Jioni ataoga, atakula, atakuja kuwapakia. Kutoka hapa hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo kukikucha Jumamosi atakuwa ametimiza saa 24 bila kulala. Mchana huo mtamwambia ajinyooshe kwenye kiti cha gari. Ujiji ina joto, spika ziko hatua chache kutoka hapo, watoto wanagonga vioo kutaka kuona gari la harusi, na kila nusu saa mtu anakuja kumwomba akalete barafu au akamchukue shangazi stendi. Huko si kulala. Usiku mnampa tena usukani, na safari hii amewabeba ninyi pamoja na binti wa watu.

Waliopima mambo haya wameona kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo huanza kukosea kama aliyekunywa pombe, na akifikisha 24 anakuwa mbaya zaidi. Wala msidhani mtamwona akisinzia mkamwamsha. Usingizi wa barabarani huweza kumchukua mtu macho yakiwa wazi, kwa sekunde tatu au nne tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, katika sekunde nne, limekwisha kutembea karibu mita 90 bila mwenyewe. Saa zinazowazidi nguvu madereva ni zile za saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwa mpango wenu hizo ndizo saa mtakazokuwa katikati ya pori kati ya Malagarasi na Kaliua. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu humsogezea mtu usingizi mbele kidogo, haviufuti. Mirungi, ambayo baadhi yenu nimesikia mkiitaja, ni kosa la jinai, na haiufuti pia.

Mimi nilikula mkate wa reli. Mji huu unaijua reli: ilifika Tabora mwaka 1912, ikagota Kigoma 1914. Njia ni moja, treni zinakuja kutoka pande zote mbili, kwa hiyo dereva haondoki stesheni mpaka apewe ruhusa kwamba kipande cha mbele ni kitupu. Aliyemaliza zamu hakuulizwa kama anajisikia vizuri. Alikwenda kulala, nyumba ya kulala wafanyakazi ilikuwepo, na mwenzake aliyepumzika alishika kazi. Hakuna aliyeona kwamba fedha za kujengea nyumba ile zilipotea. Barabarani hakuna stesheni masta wa kumzuia dereva wenu aliyechoka. Kazi hiyo ni yenu.

Na mjue kwa nini najipa haki ya kusema. Nilikuwa miongoni mwa wazee waliopeleka posa Ujiji. Baba wa binti alitukaribisha kwa heshima, tukala samaki aina ya migebuka, tukazungumza mahari bila mivutano. Kabla hatujaaga aliuliza siku ya ndoa binti yake ataondoka vipi na atafika lini, kwa sababu njia ni ndefu na hajawahi kukaa mbali na mama yake. Tulimjibu kwamba atasafiri mchana pamoja na watu wazima wenye akili. Neno hilo tulilitoa sisi, watakaolitimiza ni ninyi. Mkimtoa mwali usiku wa manane, mama yake akaachwa amekaa na simu mkononi akisubiri ujumbe kwamba mmefika, mtakuwa mmetuvunjia ahadi hata kama mmefika salama.

Sasa njia yenyewe. Ondokeni hapa Ijumaa alfajiri, saa kumi na mbili tayari mna mwendo. Mtapita Urambo, kisha Kaliua, ambapo reli ya Mpanda inaachana na ya Kigoma. Kaliua jazeni mafuta, kuleni, nendeni chooni, kagueni tairi pamoja na spea tairi, maana mbele vijiji vinaachana na miombo inaanza kutawala. Huko kuna mbung'o. Mbung'o hulifuata gari linalotembea, na rangi zinazomvuta zaidi ni buluu na nyeusi. Nimeiona sare yenu, ni ya buluu iliyokoza, nzuri sana. Ikunjeni, mtaivaa Ujiji. Njiani vaeni nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu, na vioo vifungwe mkipita porini.

Malagarasi mtavuka kwenye Daraja la Kikwete, lililozinduliwa 2015. Mtatamani kupiga picha, na mandhari yanastahili. Basi gari ziegeshwe nje kabisa ya barabara baada ya kuvuka, si juu ya daraja, si kwenye kona. Uvinza, mji wa chumvi tangu enzi za misafara ya miguu, pumzikeni kwa muda wa kutosha. Kuna jambo la jua ambalo wenye haraka hulisahau. Kutoka Tabora mnaelekea magharibi, kwa hiyo alasiri jua litakuwa machoni pa dereva, na Kigoma huchelewa kuzama. Kipande cha Uvinza kwenda Kigoma kina vilima na watu wanaotembea pembezoni na baiskeli zilizobeba mizigo. Mkiondoka mapema mtakipita kabla jua halijashuka. Wakati wa kurudi ni kinyume, jua la asubuhi ndilo litakalowatazama, basi msione aibu kuondoka Ujiji baada ya chai.

Kila mtu awe na kitambulisho chake cha NIDA mfukoni, si kwenye begi lililo chini ya mabegi mengine. Mkoa wa Kigoma uko mpakani na maofisa wa uhamiaji husimamisha magari. Wajibuni kwa upole, onyesheni, mwendelee.

Kuhusu mwendo wa gari tatu kwa pamoja, hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini kuliko kote, maana nimewaona mnavyosindikiza maharusi hapahapa mjini. Taa zote za indiketa zinawaka, honi hazikomi, gari hili linalipita lile halafu lile linalipita hili, vijana wameketi madirishani, na mpiga picha ametoa nusu ya mwili kwenye buti la gari la mbele akimwashiria dereva wa maharusi asogee karibu zaidi. Mjini mnakwenda polepole na watu wanawapisha. Barabara kuu haina subira hiyo. Lori la mizigo linalotoka mbele halijui kama kwenu kuna harusi, na dereva aliye nyuma yenu, akiona indiketa za pande zote zinawaka, hawezi kujua mnakata kushoto, mnakata kulia au mmeharibikiwa.

Babu zenu Wanyamwezi walisifika kwa misafara ya njia hii ya Ujiji muda mrefu kabla ya gari na reli, na misafara yao ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia anayetembea mbele. Burton, Mwingereza aliyepita Tabora mwaka 1857 akielekea Ujiji, aliandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi alinyang'anywa mshale kutoka kwenye podo lake, ili mwisho wa mwendo wa siku ile atambulike. Watu waliotembea kwa miguu na mizigo mabegani waliona lazima kuwe na mmoja wa mbele asiyepitwa. Nanyi mteueni wenu. Asiwe dereva, na asiwe bwana harusi, ambaye siku hiyo ana mawazo yake. Awe mtu asiyelewa, anayesikilizwa, na atakayeweza kumwambia dereva apunguze mwendo au asimame alale nusu saa, na neno lake likawa la mwisho. Akae kiti cha mbele cha gari la kwanza. Gari la mbele halipitwi na lenu lolote, na la nyuma likipotea machoni wote wanasimama mahali pa salama kulisubiri. Mpiga picha atapata picha zake Ujiji, gari zikiwa zimesimama.

Mtakapofika, wasalimieni wazee kwanza kabla ya kuuliza kuhusu vyumba au chakula. Ujiji ni mji wa Waislamu wa zamani, wenye staha. Dada zetu waende na mitandio, na shangwe zingoje mpaka ndoa imefungwa. Haya mnayajua.

La kurudi ndilo gumu kwenu kwa sababu ya kazi za Jumatatu. Napendekeza Jumapili mkae. Nendeni Kibirizi mkaone ziwa, wakwe wawazoee, dereva alale usiku wa Jumamosi na usiku wa Jumapili, na Jumatatu mrudi mchana. Aliye na mwajiri aombe ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu wiki hii, akitaja sababu. Mwajiri anayekataa siku mbili za harusi ya rafiki akielezwa mapema ni wa nadra. Asiyeweza kabisa kupata ruhusa asiwavute wote warudi usiku kwa ajili yake. Atume mchango, au aangalie ratiba ya treni kama siku zake zinakubali. Treni inatembea usiku, ndiyo, lakini aliyelala mle ni yeye, si anayeiendesha.

Mtarudi na mizigo, najua. Hakuna anayetoka Kigoma bila dagaa na mawese. Mawese yawekwe kwenye madumu yenye vifuniko vinavyokaza, chini, si kwenye keria, na dagaa wasizidi nafasi iliyobaki baada ya vyombo vya bibi harusi. Kosta iliyojazwa juu huyumba kwenye kona na breki zake huchelewa. Mtu akiwaomba mbebe gunia la mkaa, kataeni, maana bila kibali mtakamatwa nalo kwenye kizuizi cha barabarani na mwali atashinda juani akiwasubiri mjieleze.

Basi ombi langu kwa mweka hazina na mwenyekiti. Punguzeni kwenye mapambo ya gari, punguzeni pia kwenye saa za muziki, mpate pesa ya chumba cha gesti kwa kila dereva, kwa usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mtaa wa Mwanga mjini Kigoma au Ujiji yenyewe, mbali na ukumbi. Chumba kiwe cha dereva peke yake, ufunguo akae nao yeye, asipangiwe wageni watatu wa ziada. Usiku wa kwanza wa dereva wa kosta nalipa mimi, pesa nimeshaitenga, mmoja wenu aje aichukue. Mwenye gari msimlipe kwanza mpaka mkubaliane naye saa mpya za kuondoka na kurudi, na muulizeni kama ana leseni ya kukodisha ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Mkimaliza kuirekebisha bajeti niletewe niisome tena, ili niwapigie simu wazee wa Ujiji niwaambie mtaingia Ijumaa alasiri na binti yao ataondoka Jumatatu asubuhi.

Mzee wenu,
Tabora