Malalamiko: Chaneli yenu ya filamu za zamani inakata picha

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATWA KWA PICHA KATIKA CHANELI YA FILAMU ZA ZAMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa miezi 7 sasa nalipia chaneli hii juu ya ada ya kifurushi cha kawaida. Kilichonivuta ni tangazo lenu kwamba filamu zitaonyeshwa nzima, kama zilivyotengenezwa. Haziji nzima.

Jumamosi iliyopita mlirusha City Lights ya mwaka 1931. Charlie Chaplin akatokea hana kofia, hana viatu. Hakuvivua, mmemkata. Filamu za enzi ile zina umbo linalokaribia mraba, ilhali runinga za leo ni pana, upana 16 kwa kimo 9. Ili picha ijaze kioo chote mnaikuza mpaka juu na chini zinamwagika nje, na karibu robo yake inapotea. Mchekeshaji yule anachekesha kwa miguu. Mkishaikata, nicheke nini?

Citizen Kane ya mwaka 1941 imeumia zaidi. Mwongozaji wake, Orson Welles, na mpiga picha wake, Gregg Toland, waliishusha kamera karibu na sakafu, na vyumba vikawekewa dari za kitambaa ili zionekane juu ya vichwa vya waigizaji, jambo ambalo studio za wakati huo hazikulizoea. Kwenye chaneli yenu dari zimeondoka na vichwa vimefuata.

Filamu pana kuliko kioo cha runinga nazo mnazikata ubavuni. Lawrence of Arabia ya mwaka 1962 inaanza kwa muziki wa dakika kadhaa kabla picha yoyote haijatokea. Ninyi mliuruka. Huenda fundi wenu aliona giza akadhani mitambo imeharibika.

Nimepiga simu huduma kwa wateja mara 3, na mara zote 3 nimeambiwa nirekebishe runinga yangu. Nimerekebisha. Nembo ya chaneli yenu imekaa kwenye kona ya juu, kamili, haijapungua hata herufi moja. Kama runinga yangu ndiyo inayokata, mbona nembo imesalimika? Kijana wa mara ya tatu nilipomweleza hilo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimejaribu kuzima king'amuzi na kukiwasha.

Najua wapo watazamaji wasiopenda mistari myeusi inayobaki kandokando ya picha isipokuzwa kujaza kioo. Hao wana chaneli nyingine tele. Anayelipia hii anajua mistari ile ni ya nini.

Naomba filamu zirushwe katika umbo lake la asili, pamoja na muziki wake wa mwanzo. Naomba pia nirudishiwe ada ya nyongeza ya miezi hiyo 7, maana nililipia filamu nzima nikapewa vipande. Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, na jibu litoke kwa mhusika wa urushaji wa matangazo, si simu nyingine ya kuniuliza habari za king'amuzi. Siku hizo zikipita kimya nitasitisha malipo ya chaneli.

Ratiba yenu inaonyesha kuwa Citizen Kane itarudiwa mwisho wa mwezi. Nitaangalia dari.

Wenu,
Mteja wa chaneli ya filamu za zamani