Jodari yupi? Tumtambue kabla ya kuandika bei yake

Mhariri,

Picha mliyoiweka juu ya habari ya bei za samaki, yenye maelezo kwamba ni jodari wa mapezi ya njano wakishushwa, haina jodari wa mapezi ya njano hata mmoja. Samaki wale wana madoa meusi chini ya pezi la kifua, na nusu ya nyuma ya mgongo wao ina mistari ya mshazari iliyojikunjakunja. Huyo ni Euthynnus affinis, ambaye kwenye madiko mengi, yaani mahali samaki wanaposhushwa, huitwa sehewa. Ukimkuta ana sentimita 60 umepata mkubwa wa kutosha, ilhali jodari wa mapezi ya njano, Thunnus albacares, hupita mita moja na nusu. Bei ya mmoja haiwezi kusomwa kama bei ya mwingine.

Hatuwasuti ninyi peke yenu. Daftari za madikoni zina kosa hilo hilo: mwandishi anaandika "jodari", anaweka kilo, basi. Hesabu hizo hupanda wizarani, na kutoka huko huenda kwenye Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao Victoria, Shelisheli, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Tume hupima hali ya kila aina kivyake. Mwaka 2015 jodari wa mapezi ya njano alitajwa kuwa amevuliwa kupita kiasi, mpango wa kumnusuru ukapitishwa mwaka 2016, na tathmini ya 2024 ikaonyesha ametoka katika hali hiyo. Mwaka 2022 jodari wa macho makubwa, Thunnus obesus, naye alitajwa kuwa amevuliwa kupita kiasi. Karibu nusu ya samaki wa jamii hii wanaovuliwa katika bahari yetu hutoka kwa wavuvi wadogo wa jarife, mshipi na nyavu za kuzungushia. Daftari lenye neno moja halimsaidii mtu yeyote anayetaka kujua ni aina ipi inapungua.

Kazi ya kutambua si ngumu ukiifuata kwa mpangilio. Anza na mapezi mawili ya mgongo. Ukiona nafasi pana kati yake, inayokaribia urefu wa shina la pezi la kwanza, hao ni Auxis, jodari wadogo ambao mara nyingi humwagwa kwenye tenga moja na sehewa. Wako wa aina mbili. Tazama ukanda wa magamba unaotoka nyuma ya kichwa kufuata ubavu: pale chini ya mwanzo wa pezi la pili la mgongo, Auxis thazard ana ukanda mwembamba usiozidi magamba 5, na Auxis rochei ana mpana wa magamba 6 au zaidi. Asiye na muda wa kuhesabu magamba aandike Auxis tu, inatosha.

Mapezi yakikaribiana, geuza tumbo juu. Mistari meusi 3 hadi 6 inayokwenda kwa urefu, kutoka kifuani kuelekea mkiani, ni ya Katsuwonus pelamis, ambaye naye kuna madiko yanamwita sehewa, na hapo ndipo majina yetu yanapogongana. Mistari hiyo huwa hafifu samaki akiwa hai, hujitokeza vizuri akishakufa. Kumbuka tu: Katsuwonus mistari yake iko tumboni, Euthynnus mistari yake iko mgongoni. Madoa ya chini ya pezi la kifua ni ushahidi mzuri wa Euthynnus, lakini wapo wachache wasio nayo, kwa hiyo asihukumiwe kwa kukosa madoa wakati mgongo umeshasema. Bado una shaka? Fungua matamvua uhesabu vijiti vya kuchujia kwenye tao la kwanza. Katsuwonus ana 53 hadi 63, Euthynnus ana 29 hadi 34. Tofauti hiyo inaonekana hata bila kuhesabu mpaka mwisho.

Kabla ya kuingia kwa jodari wenyewe, chungulia kinywa. Meno makubwa yaliyochongoka, yaliyoachana, pamoja na mstari wa ubavuni unaopanda na kushuka, ni Gymnosarda unicolor, jodari wa miambani. Ana umbo la jodari kweli, lakini hatoki kwenye jenasi ya Thunnus, kundi la jodari wenyewe.

Sasa Thunnus, ambako hata wenye uzoefu hubishana. Jina "mapezi ya njano" limepotosha watu wengi, kwa sababu macho makubwa naye ana njano kwenye mapezi. Njano peke yake si alama. Samaki akiwa mkubwa hakuna mashaka: albacares (wa mapezi ya njano) hurefusha pezi la pili la mgongo na pezi la haja mpaka yakawa kama mundu, na obesus (wa macho makubwa) hafanyi hivyo. Tabu iko kwa wadogo wa chini ya sentimita 60 hivi, ambao huogelea pamoja chini ya maboya ya kuvutia samaki na kuingia wavu mmoja. Hapo pezi la mundu halijaota.

Kwa wadogo hao angalia vitu kadhaa kwa pamoja, usitegemee kimoja. Ubavuni, albacares ana mistari myeupe mingi iliyosongamana, na kati ya mstari na mstari kuna safu ya vitone. Obesus ana mistari michache, imeachana, vitone ni haba. Vijipezi vya nyuma, vile vidogo vinavyofuatana hadi mkiani, kwa albacares ni vya njano vyenye ukingo mwembamba mweusi; kwa obesus weusi wa ukingo ni mpana. Panua mkia utazame katikati ya panda yake: albacares ana vijituta viwili vinavyofanya kishimo kama herufi V, na obesus katikati ni bapa au imebonyea kidogo tu. Jicho kubwa husaidia ukiwa na samaki wawili wa urefu mmoja kando kwa kando. Mmoja akiwa peke yake mezani, kila jicho la jodari huonekana kubwa.

Pezi la kifua lina mtego wake. Obesus mdogo ana pezi refu linalopita mwisho wa shina la pezi la pili la mgongo, na kwa sababu hiyo huandikwa kuwa ni Thunnus alalunga, ambaye sifa yake ni pezi refu la kifua. Mtegue kwa mkia: alalunga ana ukingo mweupe mwembamba nyuma ya mkia, obesus hana. Umbo nalo linasema. Alalunga mwili wake ni mnene zaidi nyuma, karibu na pezi la pili la mgongo. Obesus mnene wake uko katikati.

Ushahidi mzito kuliko yote uko tumboni. Pasua kutoka tundu la haja kuelekea mbele, toa ini bila kulichana, ligeuze. Ini la albacares ni laini, na ulimi wake wa kulia, mmoja kati ya sehemu tatu za ini, ni mrefu kuliko zile nyingine. Ini la obesus upande wa chini lina michirizi myembamba ya mishipa kuelekea kingoni, na ndimi zake tatu hazipishani sana kwa ukubwa. Alalunga naye ana michirizi, kwa hiyo ini humtenga albacares na hao wawili. Haliwatengi hao wawili wenyewe kwa wenyewe. Vijiti vya matamvua hapa havifai kitu, kwani albacares ana 26 hadi 34 na obesus 23 hadi 31.

Makosa mengi hutokea kwa sababu ya wakati. Mistari ya ubavuni hufifia saa chache baada ya kufa, na samaki aliyegandishwa ndani ya maji ya chumvi huchubuka akawa wa kijivu mtupu. Vijipezi hukatika kwenye matenga. Wengine hutolewa matumbo na matamvua baharini, ini likaenda na maji. Basi aina iandikwe chomboni au mara tu samaki anapotua, si mnadani saa 4 baadaye. Na kazi ifanyike kivulini, barafu ikiwa karibu: jamii hii yote ikiachwa na joto hutengeneza histamini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Urefu upimwe kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, kwa ubao ulionyooka. Utepe unaofuata mbinuko wa mwili huongeza sentimita ambazo samaki hana.

Jamaa wengine wa bahari kuu tuwapitie upesi. Nguru, Scomberomorus commerson, ana mstari wa ubavuni unaoporomoka ghafla chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongo. Acanthocybium solandri, anayeuzwa kwa jina la nguru, hana vijiti vya matamvua hata kimoja. Kwa nduaro, jaribu kulaza pezi la kifua ubavuni: kwa yule mweusi aliyekomaa, pezi hukataa kulala. Xiphias gladius ana upanga bapa na hana mapezi ya tumbo kabisa, wala hafai kuandikwa nduaro.

Mpiga picha wenu naye ana sehemu yake. Alowanishe samaki, amlaze kichwa kikiwa kushoto, mapezi yamefunguliwa, rula pembeni, picha ya pili iwe ya tumbo. Zikija chumba cha habari, mtu yeyote mwenye alama hizi atajua aandike nini. Na kama kilichopo ni vipande visivyo na ngozi, kichwa wala mkia, hapo macho hayawezi. Ni kipimo cha maabara tu. Aandike "jodari, aina haikutambuliwa", kwa kuwa kilo zilizoandikwa hivyo wachambuzi wanaweza kuzigawa baadaye, lakini zilizoandikwa kwa jina lisilo lake hazirekebishiki tena.

Wapima samaki wa dikoni,
Tanga